Kiti cha kugeuza au loda ya mbele ya kufungua: kipi kinafaa shamba la ng'ombe na mahindi Mufindi?

Ifwagi_Maziwa

Kamwene wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaozijua hizi mashine kwa undani, siyo wa dalali.

Kazi zenyewe ni hizi. Samadi ya ng'ombe wa maziwa 38 inatolewa bandani na kupakiwa kwenye tela la tani 5. Saileji (majani ya ng'ombe yaliyochachushwa) inachotwa shimoni kila siku kuanzia Julai mpaka mvua zirudi. Wakati wa mavuno kuna magunia ya mahindi na viazi ya kupakia, na mbolea ya dukani ya kushusha. Plau na haro lazima zivutwe na trekta hilo hilo, maana bajeti ya mashine mbili hakuna. Shamba lina mteremko, udongo mwekundu, na Januari ukinyesha tope linateleza vibaya.

Mezani kuna njia tatu:

A. Massey 290 iliyopo, ya gia 8 mbele na 2 nyuma, inavuta magurudumu ya nyuma tu. Kuna fundi anasema atageuza kiti kitazame nyuma, aongeze pedali za pili na usukani wa pili, kisha afunge loda (mikono yenye kijiko cha kuchotea na kupakia) upande wa nyuma.

B. Trekta lililotumika kutoka Ulaya, hp 100, ambalo kiti kinazunguka nyuzi 180 tangu kiwandani. Unaliendesha kinyumenyume kama vile ndiyo mbele.

C. Trekta la kawaida la 4x4, hp 75 hadi 85, lenye kishikio cha mbele-nyuma kando ya usukani, na loda ya mbele inayofunguliwa msimu wa kulima.

Naomba mniambie kila moja inaharibika wapi na kwa nini, na nikienda kukagua nitazame nini.

---

Fundi Spana, Makambako

Kamwene mkuu. Nianze na A, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokula hela kimyakimya.

Gia kwanza. Gia 2 za rivasi maana yake ukigeuza kiti unabaki na trekta la gia mbili. Moja ni ya kutambaa, nyingine ni kali mno kuingia nayo kwenye lundo la samadi. Kazi ya loda inataka mwendo wa kilomita 4 hadi 8 kwa saa, na gia tatu au nne ndani ya huo mwendo ili uchague kulingana na mteremko. Hizo 290 haina upande wa nyuma.

Pili ni difu. Meno ya kraunwili na pinioni (gia kubwa ya difu na gia ndogo inayoizungusha) yamekatwa kwa mshazari, na upande mmoja wa jino ndio uliotengenezwa kubeba nguvu ya kwenda mbele. Rivasi inatumia upande wa pili. Kurudi nyuma mita chache kutoka shimoni hakudhuru kitu. Ukigeuza hiyo kuwa njia ya kusukuma na kubeba siku nzima, meno yanaliwa upande ambao haukuandaliwa, na pinioni inasukumwa kuelekea beringi iliyozoea mzigo mdogo. Dalili ni mlio mrefu unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, na chembe za chuma kwenye oili unapoimwaga. Hapo unapasua trekta katikati, na kraunwili hainunuliwi peke yake, inakuja pamoja na pinioni yake.

Tatu ni pampu, na hapa wengi wanaingia bila kujua. Kwenye Massey za namna hiyo pampu ya mikono ya nyuma, ile inayonyanyua plau, iko ndani ya nyumba ya katikati na inazungushwa na shafti ya PTO, yaani ile inayotoa nguvu ya injini kuendesha vifaa. Kama klachi yako ni ya hatua mbili, ukiikanyaga mpaka chini PTO inasimama na pampu inasimama nayo. Sasa kazi ya loda ni kukanyaga klachi kila unapobadili mwelekeo, na ni wakati huo huo unataka kijiko kiwe kinapanda. Dereva asiyezoea atalalamika kwamba loda "inakata". Haikati, umeizimia pampu.

Juu ya hapo pampu hiyo inatoa mafuta kidogo. Piga hesabu: silinda mbili za kunyanyua zenye kipenyo cha ndani cha mm 60 na mwendo wa sm 50 zinahitaji lita 2.8 kujaa. Pampu ya lita 16 kwa dakika itachukua sekunde kama 11 kufikisha kijiko juu. Ya lita 40 itachukua sekunde 4 na kidogo. Kwenye kijiko kimoja tofauti ni ndogo, kwenye tela zima inakuchosha. Na nguvu usiichanganye na kasi: kwa presha ya bar 180, silinda moja ya mm 60 inasukuma zaidi ya tani 5, iwe pampu ni kubwa au ndogo. Loda ikiwa nzito kunyanyua, tafuta tatizo kwenye presha, sili za silinda au valvu. Ikiwa na nguvu lakini inakwenda polepole, hapo ndipo uangalie pampu na chujio.

Ukikubali kufunga pampu ya pembeni, ya sentimita za ujazo 20 kwa mzunguko, inayozungushwa na puli ya mbele ya injini, kwa mizunguko 2,000 utapata lita 40. Itahitaji tangi lake la lita 40 hadi 60 na chujio lake. Hilo linawezekana kabisa. Lakini linatibu pampu tu. Gia na difu vinabaki vilevile.

Kwa kazi ulizotaja mimi nasema C, kwa masharti. Masharti yenyewe ni uzito na fremu.

Watu wanaangalia loda inanyanyua kilo ngapi, hawaangalii ekseli ya mbele inabeba kilo ngapi. Chukua trekta lenye mita 2.3 kati ya ekseli na ekseli. Kijiko kikiwa na kilo 700, kitovu cha mzigo kikiwa mita 1.9 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma inapunguziwa 700 × 1.9 ÷ 2.3, yaani kilo 578. Ile ya mbele inapata kilo 700 pamoja na hizo 578, jumla 1,278. Bado hujaweka uzito wa loda yenyewe. Loda ya kilo 450 inaongeza mbele kama kilo 550 nyingine. Hapo ndipo bushi, kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele yanakatia kona) na pini ya katikati ya ekseli vinapokufa, na ndipo magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yenye breki, yanapoanza kuelea ukiwa unateremka.

Dawa ni uzito nyuma, kwenye mikono ya trekta. Tengeneza bloku la zege la sm 100 kwa 50 kwa 50. Hiyo ni robo ya mita ya ujazo, kama kilo 600. Mchanganyiko wa 1:2:4 utakula mifuko 2 ya saruji ya kilo 50, na chenji itabaki. Weka nondo ndani, na fremu ya vyuma yenye pini za chini za mm 28, upana wa sm 82.5 kati ya mabega ya pini, na tundu la juu la pini ya mm 25 likiwa sm 61 juu ya pini za chini. Hivyo ndivyo vipimo vya kundi la pili la mikono, ambalo matrekta mengi ya hp 75 hadi 85 yanatumia. Bloku likikaa mita 1.2 nyuma ya ekseli, linaongeza kilo 913 kwenye ekseli ya nyuma na kuondoa 313 kwenye ya mbele. Kilo 600 za zege zinafanya kazi kubwa kuliko uzito wake kwa sababu ya mahali zilipo.

Maji kwenye matairi ya nyuma nayo yanasaidia. Tairi la 16.9-30 likijazwa robo tatu linachukua kama lita 240. Ila maji hayapunguzi mzigo wa ekseli ya mbele hata kilo moja, yanaongeza nyuma tu, kwa hiyo yasichukue nafasi ya bloku. Walioko Makete na Kitulo, ambako Juni hadi Agosti usiku kunashuka barafu, bloku ni salama zaidi kwa valvu na mipira.

Fremu: loda ya kazi nzito isishikiliwe na kasha la klachi peke yake. Trekta halina chasisi kama lori. Injini, kasha la klachi na giaboksi ndiyo mgongo wenyewe. Fremu ya loda inatakiwa ifike nyuma mpaka kwenye nyumba ya ekseli, ili msukumo wa kuingia kwenye lundo usiishie kwenye bolti za maungio. Ukikagua mashine iliyotumika, pangusa mavi na mafuta kwenye maungio ya injini na klachi, angalia nyufa na alama za bolti zilizotingishika: kutu ya unga mwekundu kuzunguka kichwa cha bolti ina maana chuma kinasuguana. Ukifunga mpya, kaza tena baada ya saa 10 za kazi, kisha kila saa 50. Bolti ya M16 ya daraja la 8.8 inakazwa kama Nm 200, ya 10.9 kama Nm 300. Usichanganye madaraja kwenye sahani moja.

---

Mzee wa Mipaina

Fundi, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ila B usiitupe haraka hivyo, wengine huku Sao Hill kazi yetu yote iko nyuma ya trekta.

Faida ya kiti cha kugeuza inatoka kwenye hesabu ile ile uliyoitoa wewe. Mzigo ukiwa upande wa mikono ya nyuma, unakaa juu ya ekseli kubwa, yenye matairi makubwa, yenye breki. Dereva anautazama moja kwa moja, shingo haijapinda. Finland wanatengeneza Valtra zenye mfumo wa TwinTrac, yaani usukani na pedali za pili nyuma, na msituni zinafanya kazi ya maana na makucha ya magogo. Waitaliano kama Antonio Carraro wanatengeneza vidogo ambavyo jukwaa zima linazunguka, kiti, usukani na pedali kwa pamoja, kwa ajili ya mizabibu na matunda. Kwa hiyo wazo lenyewe ni zuri. Swali ni kama saa zako nyingi ziko nyuma. Mtu mwenye magogo, au anayefyeka nyasi na kukata saileji kwa mashine inayosukumwa, anafaidi. Mwenye kulima miezi miwili na kupakia samadi mara moja kwa wiki analipia kitu anachokitumia kidogo.

Na lile la kraunwili halipotei kwa sababu kiti kimetoka kiwandani kikiwa kinageuka. Plau ivutwe ukitazama mbele. Upande wa nyuma ni wa kubeba, kunyanyua na kuzungusha PTO, siyo wa kuvuta kwa nguvu.

Ukienda kukagua B, fanya haya kwa mpangilio huu.

Injini ikiwa imezimwa, geuza kiti. Kinatakiwa kijifunge kwa mlio unaousikia, na kisitikisike ukikisukuma kwa goti. Kisha washa ukiwa katikati ya kugeuza: mashine isiyo na hitilafu itakataa. Ikikubali kuwaka au kuingia gia kiti kikiwa nusu njia, ujue swichi za usalama zimerukwa kwa waya. Fuata waya huo kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishageuka, endesha polepole uwanjani na zungusha usukani kulia. Mashine inatakiwa iende kulia kwako wewe ulivyokaa. Mtu anayetazama nyuma akitumia usukani usiogeuzwa mipira ya mafuta, kulia inakuwa kushoto. Kwenye mashine za kiwandani kuna obitroli ya pili (valvu ya usukani wa mafuta) au valvu ya kubadilishia. Valvu hiyo ikichoka usukani unakuwa mlegevu upande mmoja tu, au matairi yanajisogeza yenyewe ukiwa umesimama mlimani. Hapa ndipo pia mpango wa fundi wa A unapokuwa hatari. Muulize obitroli atageuzaje mipira yake. Akisema dereva atazoea, ondoka.

Bonyeza breki za nyuma na za mbele, kwa seti zote mbili za pedali. Pedali za upande usiotumika zisiwe zimeziba na tope, maana zinabana na kushikilia breki au klachi kidogo bila wewe kujua, na harufu ya kuungua utaipata baadaye.

Angalia meno ya tairi. Meno ya V yanavuta na kujisafisha tope yakizunguka kwenda mbele. Kinyumenyume yanajaza tope badala ya kulitoa, na kwenye udongo mwekundu wa Januari utaona mashine ya hp 100 inateleza pale ambapo ya 75 inapanda. Wanaofanya kazi karibu yote upande wa nyuma wanageuza matairi kwenye rimu. Wewe ambaye utalima na plau huwezi kugeuza, kwa hiyo hilo tatizo utaishi nalo.

Halafu dereva. Matairi yanayokata kona yanakuwa nyuma yake, kama foklifti. Ukikata kulia, mkia wa trekta, yaani injini, unatupwa kushoto. Nguzo za banda na ukuta wa shimo la saileji vitagongwa wiki ya kwanza kama hukuacha nafasi. Na mteremkoni mzigo utazame mlima siku zote, unapopanda na unaposhuka.

Kwa hp 100 na vifaa vya umeme vya kiti, spea za kugeuzia utaagiza nje. Massey utapata kitu Mafinga au Makambako siku hiyo hiyo. Hilo nalo liweke kwenye mizani.

---

Mama Saileji, Uyole

Kaka, naona wote wameongea mashine, niongeze upande wa kijiko na kufungua loda, kwa sababu loda "inayofunguliwa" ambayo haifunguki inakuwa loda ya kudumu, na unalima nayo msimu mzima ikiwa imening'inia mbele.

Kijiko kwanza. Kijiko cha nusu mita ya ujazo kikijaa samadi mbichi kina kama kilo 400 hadi 500. Mahindi yaliyokauka ni kama kilo 360. Kijiko hicho hicho kikijaa mchanga mbichi kinapita kilo 900. Mtu ananunua loda kwa ajili ya samadi, halafu jirani anaomba kusombewa mchanga wa kujengea, na ekseli ya mbele inaharibika kwa mchanga. Kwa samadi iliyochanganyika na majani uma unaingia vizuri kuliko kijiko. Kwa saileji pia, tena kijiko kinachimbua uso wa shimo na kuulegeza, hewa inaingia, na joto linaanza. Chukua uso mzima kutoka juu kwenda chini kwa kukwangua, usichimbe shimo katikati.

Tela la tani 5 kwa vijiko vya kilo 400 ni vijiko 12 au 13. Kila kijiko kina kubadili mwelekeo mara nne: ingia, toka, nenda kwenye tela, rudi. Ni mara 50 kwa tela moja. Hapo ndipo kishikio cha mbele-nyuma kinapojilipia. Ila uliza ni cha aina gani. Kuna cha sinkronaiza, ambacho bado unakanyaga klachi na lazima trekta lisimame kabisa kabla ya kubadili. Ukibadili linatembea, pete za sinkronaiza zinakwisha na gia inaanza kuruka. Na kuna cha mafuta, ambacho hukanyagi kitu, klachi za ndani zinajibadilisha zenyewe. Hicho cha pili ni kitamu kwa loda, lakini kinategemea usafi wa oili kuliko kitu kingine chochote. Kikaguliwe oili ikiwa imepata moto, siyo asubuhi. Kikichelewa kushika halafu kikaruka ghafla, presha ya klachi iko chini au diski zimekwisha.

Sasa kufungua. Uliza ufanyiwe mbele yako, na mtu mmoja tu. Mpangilio wake:

Simama sehemu ngumu na tambarare, siyo kwenye majani. Acha kijiko kikiwa kimeunganishwa, kiteremshe kilale chini. Vuta breki ya mkono. Shusha miguu ya kusimamia loda na uifunge kwa pini zake. Toa pini au kufuli za nguzo mbili za loda. Ukiwa kwenye kiti, inamisha kijiko taratibu mpaka nguzo zinyanyuke na kutoka kwenye vikao vyake. Zikigoma usilazimishe, trekta limesimama upande. Zima injini. Peleka leva ya loda pande zote nne mara kadhaa mpaka presha iishe. Hapo ndipo unafungua mipira ya mafuta na kuivalisha vifuniko. Washa, rudi nyuma polepole, ukitazama mipira isinase kwenye kioo au bomba la moshi.

Makosa mawili yanarudi kila msimu. La kwanza ni kuhifadhi loda juani. Mafuta yaliyofungiwa ndani yanatanuka, presha inapanda, na siku ya kufunga viunganishi havishikani hata ukisukuma kwa nguvu zote. Watu wanapiga nyundo. Usipige. Legeza nati ya mpira nusu mzunguko, umefunika kwa kitambaa na uso umeuweka pembeni, presha itoke, kaza, kisha unganisha. La pili ni vumbi. Kiunganishi kisicho na kifuniko kikiingiza mchanga, mchanga unakwenda kwenye oili inayotumiwa pia na giaboksi na mikono ya nyuma. Futa ncha zote mbili kwa kitambaa safi kila mara.

Loda mpya ikishafungwa, nyanyua na shusha mara kadhaa, kisha kijiko kikiwa chini pima oili ya trekta. Silinda nne na mipira yake vinameza lita 5 hadi 8. Usipoongeza, ukipanda mlimani pampu inavuta hewa na inaanza kulia.

Na tafadhali sana: mpira ukivuja kidogo, usitafute tundu kwa kiganja. Mafuta ya bar 180 yanatoboa ngozi hata kama huoni damu. Pitisha kipande cha boksi. Akichomwa mtu, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu, na aseme ni mafuta ya presha.

---

Ifwagi_Maziwa

Asanteni sana wakuu, mama shikamoo. A nimeshaiondoa. Inaonekana C, na bloku la zege nitaanza kulipiga mapema.

Swali moja limebaki. Nikisubiri C, 290 nifunge loda ndogo ya mbele kwa samadi tu, au ni kuua ekseli? Na magunia je, kuna njia ya kuyapakia na 290 bila kugeuza kiti?

---

Fundi Spana, Makambako

Loda ya mbele kwenye 290 ya magurudumu mawili inawezekana kama usukani wake ni wa mafuta na unaweka kikomo cha kilo 300 hadi 350 kijikoni, bloku likiwa nyuma muda wote. Tairi za mbele ziwe za nyuzi 8 (8 ply), upepo kulingana na jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa mzigo huo. Grisi kingpini na pini ya katikati kila siku ya kazi, huku ekseli imenyanyuliwa na jeki. Ikiwa chini, uzito unabana upande mmoja na grisi haipiti pale panapolika. Kabla ya kufunga chochote, nyanyua mbele, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza kwenye kingpini, badili bushi kwanza.

Ila kwa tope la huko kwenu, trekta la magurudumu mawili lenye mzigo mbele litakwama mvua zikianza. Kwa hiyo ifanye kazi ya kiangazi tu.

Magunia yanapakiwa vizuri kwa uma wa kufunga kwenye mikono ya nyuma, na kiti kibaki kilivyo. Unarudi nyuma mita chache, unainua, unakwenda mbele. Hiyo rivasi fupi haiuui difu. Kikomo chake kinatoka kwenye ekseli ya mbele: inatakiwa ibaki na angalau asilimia 20 ya uzito wote, chini ya hapo usukani haushiki. Mfano, trekta la kilo 2,900, mbele ikiwa na 1,000. Mzigo wa kilo 500, uma ukihesabiwa humo, kitovu kikiwa mita 1.5 nyuma ya ekseli, unaondoa 326 mbele. Zinabaki 674 kati ya 3,400, yaani umefika mwisho. Ukiongeza vyuma vya kilo 120 mbele ya radieta, unaweza kwenda 600. Zidisha hapo na usukani unakuwa wa mapambo.

Lako lina kilo ngapi mbele na nyuma usikisie. Lipeleke kwenye mizani ya malori, panda na magurudumu ya mbele peke yake, andika, kisha lote.

---

Mzee wa Mipaina

Nyongeza ndogo kwenye uma huo. Mikono peke yake inanyanyua sm 60 hadi 80, inatosha kwa paleti na tela la chini, lakini kitanda cha lori hakifiki. Kwa lori unahitaji mlingoti wenye silinda yake, na huo unaongeza uzito na kusogeza mzigo nyuma zaidi, kwa hiyo ile hesabu ya fundi irudiwe na mita mpya. Na funga minyororo ya kuzuia mikono isiyumbe kushoto na kulia. Magunia sita yakiyumba kwenye mteremko yanavuta trekta nayo.

---

Mama Saileji, Uyole

Marahaba kaka. Na vijana wasipande kwenye uma kupanga magunia ukiwa juu. Pini ya mkono mmoja ikichomoka unaanguka upande huo wote kwa mara moja. Weka pini zenye klipu, siyo misumari iliyokunjwa.